Fundi Momose na Kisio la Harufu

Katika hamamu ya Bi Tokuyo, kule Fushimi kusini mwa Kyoto, maji ya kwanza si ya kila mtu. Mlango ukifunguliwa alasiri, hodhi kubwa limejaa maji ya moto ambayo hayajaguswa na ngozi ya binadamu, na anayetangulia kuingia ni mmoja tu. Wengine husimama na taulo zao ndogo mkononi, wakimsubiri aketi kwenye kona yake, ashushe pumzi aseme "aaah", ndipo nao watumbukie. Kwa miaka minane mtu huyo alikuwa Momose Kiyotsugu, fundi wa mikeka ya tatami. Heshima hiyo hakuipata kwa umri wala kwa ukoo. Aliipata kwa kukisia.

Wanaume wa hamamu ile huzungumza habari za gemu kama wanaume wa kwingine wanavyozungumza siasa. Kampuni inayotengeneza mashine zenyewe iko mwendo mfupi wa treni kutoka pale, na watu wa mtaa huiona kama shemeji: wao wenyewe watamsema mchana kutwa, ila mgeni akithubutu kumsema wananuna. Kila mashine mpya inapokaribia, kampuni huonyesha kidogo na kuficha kingi. Hapo ndipo watu wa hodhini hukaa kukisia, kila mtu kisio lake moja, mbele ya Bi Tokuyo aliyeketi kwenye kiti chake kirefu katikati ya upande wa wanaume na upande wa wanawake. Bi Tokuyo haandiki kitu. Anakumbuka tu, na ole wako ubishane naye.

Mashine iliyopita ilipokuwa bado tetesi, wote walisema itakuwa ya sebuleni, yenye nguvu za kutisha. Momose peke yake, povu limemjaa masikioni, akasema, "Itakaa sebuleni, na mtu atatoka nayo. Hiyo hiyo moja. Unacheza kwenye runinga, saa ya treni ikifika unaichomoa unakwenda zako." Walimcheka mpaka mmoja akanywa maji ya kuogea. Mashine ilipotoka ikawa neno kwa neno kama alivyosema, na waliocheka wakamsugua mgongo mmoja mmoja, kwa kuwa ndiyo adhabu ya walioshindwa. Tangu siku ile maji ya kwanza yakawa yake.

Nisikufiche, Momose alikuwa mtu wa majivuno. Alitembea kwenda hamamu na ndoo yake ya mbao kama anayekwenda kuapishwa. Lakini majivuno yale hayakumchukiza mtu, maana mchana alikuwa amepiga magoti tangu asubuhi akishona mikeka. Mkeka wa tatami ni mnene, unajaza sakafu, na kazi yote iko kwenye ukingo: mikeka miwili ikilazwa ubavu kwa ubavu, unyoya usipite katikati. Babu yake alifanya kazi hiyo, baba yake pia. Siku hizi watu wanataka sakafu za mbao, na fundi anayebaki na wateja ni yule ambaye ukingo wake hauna dosari. Momose alikuwa nao.

Gemu alizianza utotoni, kwenye duka la pipi lililokuwa na mashine moja mlangoni. Binti yake Mitsuho alipozaliwa alimpakata huku akicheza, mtoto akabonyeza vitufe kabla hajajua kutembea. Baadaye akamfundisha kukisia. "Usitazame walichokuonyesha, mama," alikuwa akimwambia. "Tazama walichokipita haraka." Mtoto akashika. Akasoma uhandisi, akaomba kazi kwenye kampuni ile ile, akapata. Siku jibu lilipokuja, Momose alipika wali wa maharage mekundu, ule wa sherehe, akaugawa nyumba kwa nyumba mtaa mzima, hata kwa watu aliokuwa amekosana nao. Alilia hadharani na hakujali nani anamwona.

Ila tangu Mitsuho aingie kule, hakutamka neno moja la kazini. Alikuwa ameapa, na kiapo chake kilikuwa kiapo. Akija nyumbani walizungumza hali ya hewa, mshono na achari za mama yake. Momose hakuuliza hata siku moja. Mdomo uliofungwa vile, katika familia yao, ulimpa fahari kuliko siri yoyote ambayo ungeweza kuitoa.

Shida ilikuwa mtaa. Hapa Kyoto mtu hakwambii hapana kwa mdomo, wala ndiyo. Ukimuuliza jirani kama kinanda cha mwanao kinamsumbua, akikaa kimya kidogo kisha akasifu vidole vya mtoto, ujue hajalala wiki nzima. Watu wanasoma kimya kama wengine wanavyosoma gazeti. Basi mwaka mmoja kabla ya habari hii, mtu mmoja alimuuliza Momose hodhini kama mashine mpya itatangazwa kabla ya mwaka mpya. Momose hakujibu. Hakuwa anajua lolote. Maji yalikuwa moto mno na alikuwa anasikilizia kisunzi. Lakini wenzake walitazamana. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Na hodhini siku hiyo alikuwamo Shirakawa, mtu wa makamo aliyehamia mtaani kwa kupanga chumba, mwenye ukurasa mtandaoni wa tetesi za gemu unaosomwa na maelfu. Jioni ile ile akatangaza kwamba baba wa mfanyakazi mmoja amethibitisha.

Mitsuho aliitwa na wakubwa wake. Wakamuuliza kwa adabu sana, na kwa Kyoto adabu ikizidi ndiyo hatari. Aliponea chupuchupu. Hakumlaumu baba yake. Alimweleza tu, akiwa ameinamisha kichwa, kwamba safari ya pili hakutakuwa na kuulizwa.

Ndipo mashine mpya ikatangazwa. Kampuni ilitoa filamu fupi: mashine ya sebuleni na ya njiani kama ile ya kwanza, skrini kubwa zaidi, pedi za pembeni za rangi mpya. Na kwenye mbavu zake zote mbili kulikuwa na ukanda mwembamba wa chuma ambao haukuelezwa. Kamera iliupita upesi kama mtu anayepita mlango wa anayemdai. Hodhi la Bi Tokuyo likachemka hata bila kuni.

"Ni wa kupoza moto," alisema mwenye duka la baiskeli.

"Moto gani, wewe! Wa kuchaji huo. Unaiweka juani, inajaa."

"Ni urembo tu, jamani. Hata mke wangu ana bangili, hamuulizi inafanya kazi gani."

"Hawa hawaweki chuma bure," alisema Momose kwa sauti ya mwenye maji yake. "Jumapili ya visio nitawaambia."

Walitabasamu. Ezaki muuza tofu, ile jibini laini ya soya, mpinzani wake tangu shule ya msingi, alimrushia maji. "Kiyo, mara hii nakutoa hapo kwenye kona. Uanze kuzoea maji ya mabaki."

Jumamosi iliyotangulia siku ya visio, Mitsuho alikuja nyumbani. Baada ya chai ya shayiri alishuka karakanani kumwangalia baba yake, kama alivyofanya tangu utotoni. Juu ya meza kulikuwa na vipande vya mkeka vya kuwaonyesha wateja, vya ukubwa wa kitabu. Bila kufikiri, akiwa anasimulia habari ya paka wa jirani, Mitsuho alichukua viwili, akavilaza ubavu kwa ubavu, akavisukuma vikagusana. Kisha akapitisha ukucha wa kidole gumba kutoka kipande cha kushoto kwenda cha kulia, polepole, akitazama pale kwenye maungio, kama mtu anayeangalia kitu kikivuka. Alifanya mara mbili. Halafu sentensi ya paka ikakatika katikati. Akavitenganisha, akavirudisha mahali pake, akasema, "Mama ananiita," na mama yake hakuwa amemwita.

Momose alibaki ameshika sindano. Maisha yake yote alikuwa anatazama kingo mbili zinapokutana; kama kuna mtu Japani nzima ambaye hangeweza kukosa kuuelewa ukucha ule, ni yeye. Mashine mbili zikiwekwa ubavu kwa ubavu zinashikana, skrini zinakuwa moja, na kitu kinatoka kwa huyu kinaingia kwa yule. Ukanda wa chuma! Furaha ilimpanda mpaka akacheka peke yake. Ilikuwa nzuri, ilikuwa rahisi, na mwanawe alikuwa ndani yake. Kisha akakumbuka kiapo cha mwanawe, akaacha kucheka.

Usiku alimweleza mkewe Fusae.

"Basi nyamaza," Fusae akasema. "Kesho usiende. Sema mgongo unauma."

"Mama Mitsuho, nisipokwenda watasema nimezuiwa. Nikienda nikanyamaza, nimesema. Unalijua hodhi lile."

"Sema basi wa kupoza moto, kama wenzako."

"Mimi? Niseme la mwenye baiskeli? Ezaki ataniangalia usoni aseme, huyu anakwepa. Na Shirakawa yupo pale pale, masikio kama mapazia."

Fusae alikunja taulo, akaikunjua, akaikunja tena. "Baba Mitsuho, ni maji tu. Ya kwanza, ya pili, yote yanaosha."

"Wewe huogi upande wetu," alisema Momose kwa uchungu, na mkewe akamwachia hilo.

Jumapili alasiri walikwenda wote watatu. Kwa Bi Tokuyo ukuta unaotenga wanaume na wanawake haufiki darini. Sauti zinavuka, na mume humwita mkewe wa upande wa pili wakati wa kutoka. Momose alimsikia mwanawe akicheka na mama yake nyuma ya ukuta, maji yakimwagika. Mbele yake kulikuwa na vichwa vyenye taulo, na kichwa kimoja, cha Shirakawa, kilikuwa karibu kuliko siku zote.

"Haya," Bi Tokuyo alipaza sauti kutoka kitini. "Mmoja mmoja, na msinipigie kelele. Ukanda ni wa nini?"

Wakasema. Kupoza, kuchaji, bangili. Ikafika zamu ya Ezaki, naye akasimama, maji yakimfika kiunoni, tumbo mbele.

"Mimi nimewaza kwa tofu yangu," alisema. "Vipande viwili ukiviacha majini vikagusana, asubuhi unakuta vimeshikana. Nasema mashine hizi zinashikana. Yako na yangu, skrini inakuwa moja. Nimemaliza."

Watu wakanung'unika kwa kukubali. Yule mjinga wa tofu, aliyeshindwa visio vyote tangu wakiwa na kaptula, leo amepiga katikati! Na sasa vichwa vyote vikamgeukia yeye. Hodhi likatulia. Hata upande wa wanawake maji yaliacha kumwagika. Shirakawa alishusha taulo kutoka kichwani, taratibu, akaishika kifuani.

Kila pumzi aliyoivuta bila kusema ilikuwa inaongeza uzito. Momose aliliona hilo, kimya kinajikusanya na kugeuka ndiyo. Akisema Ezaki kakosea bila kutoa lake, ni ndiyo. Akisema jambo dogo, ni ndiyo. Ilimpasa kuwa Momose yule yule, mwenye kona, mwenye maji, na aanguke akiwa amesimama wima.

"Harufu," alisema.

"Nini?"

"Harufu! Ezaki, kaa chini, tofu imekuingia kichwani. Ukanda ule ni kinywa. Unapita msituni kwenye gemu, unasikia nyasi. Unaingia jikoni, unasikia kari. Mvua ikinyesha, unasikia udongo uliolowa. Ninyi mmewahi kuingia chumba chenye mkeka mpya? Pua inajua kabla ya macho. Basi kampuni ya Kyoto, mji uliojaa ubani miaka yote hii, ikose kulijua hilo? Nasema harufu, na atakayebisha nitamsubiri hapa hapa kwenye maji yangu!"

Fundi ni fundi, hata uongo aliushona kwa uzi mzuri. Kwa nukta moja walikaribia kumwamini. Halafu Ezaki akauliza, taratibu kabisa:

"Kiyo, na lile dubwana la mwisho wa gemu, likijamba?"

Hamamu ililipuka. Watu walipiga maji kwa viganja, mwenye baiskeli aliteleza akazama, na Bi Tokuyo mwenyewe, ambaye hacheki, alijifunika uso kwa kitabu cha tiketi. Wanawake nyuma ya ukuta walicheka mpaka vikombe vya kuogea vikaanguka. Momose alikaa kidevu juu, uso mwekundu, na aibu ile ilikuwa ya kweli. Hakuna haja ya kuipamba.

Ndipo sauti ya Mitsuho ikavuka ukuta, juu ya sauti zote.

"Babaaa! Harufu? Kweli kabisa? Kesho kazini nitauficha wapi uso wangu, mzee wangu?"

Kicheko kikaanza upya. Lakini Momose aliijua sauti ile tangu ikiwa kilio cha usiku. Neno la mwisho halikuwa na kicheko ndani yake. Mwanawe alikuwa ameelewa, na alikuwa anamsaidia kuizika siri.

Shirakawa alitoka majini akijifuta. "Nimepoteza Jumapili nzima," alimwambia Bi Tokuyo mlangoni. Ukurasa wake ulitangaza jioni hiyo kwamba mzee wa mikeka hajui lolote na hakuwahi kujua, na mwisho wa mwezi akahamia mtaa mwingine kutafuta mzee mwingine.

Momose aliendelea kuingia wa kwanza majira yote ya baridi, huku wakimnusa. Mtu akipita karakanani angevuta pumzi aseme, "Mmh, leo ni kari!" Watoto wa shule walimwita Fundi Harufu, na jina likashika. Yeye alijibu kwa maneno makali, kama mtu anayeamini kisio lake, kwa sababu mtu anayeamini hukasirika.

Majira ya machipuko, kampuni ilipoonyesha yote, mtaa ulijaa kwenye ukumbi wa Bi Tokuyo mbele ya runinga. Watoto wawili wa kwenye filamu waliweka mashine zao ubavu kwa ubavu juu ya ngazi za hekalu. Kanda za chuma zikashikana. Samaki mwekundu akaogelea kutoka skrini ya huyu, akapita kwenye maungio bila kukatika, akaingia ya yule. Ukumbi ulipiga ukelele. Ezaki aliruka akamkumbatia mwenye baiskeli, halafu mkewe, halafu nguzo. Momose hakupiga ukelele. Alikuwa anatazama yale maungio. Hakukuwa hata na mstari. Unyoya usingepita. Alifurahi mpaka akakaa chini pale pale, na watu wakadhani ni majonzi ya kushindwa. Mtu mmoja akamletea maji.

Siku ile alimsugua Ezaki mgongo, akasugua vizuri.

"Kiyo," Ezaki alisema bila kugeuka. "Wewe ndiye uliyesema hawaweki chuma bure. Harufu ilikutoka wapi?"

Momose alimmwagia ndoo nzima kichwani. "Tazama mbele. Sijamaliza."

Mitsuho alikuja wiki iliyofuata. Alimkuta baba yake kwenye chumba cha mbele, akakaa mbele yake kwa magoti, kitako juu ya visigino, kama mgeni.

"Ile Jumapili," alianza, "kesho yake asubuhi waliniita. Walikuwa wamesikia kwamba mtaani kuna siku ya visio. Wakaniuliza, baba yako amesema nini?"

"Ukasema?"

"Nikasema, harufu. Wakatazamana, kisha wakacheka chumba kizima, hata mkuu wa idara. Wakaniambia nirudi kazini." Aliutazama mkeka. "Nilicheka nao, Baba. Nilitaka kuwaambia mnamcheka nani. Lile la samaki kuvuka, bila kukatika, ndiyo kazi niliyopewa mimi. Nilijifunza kwako. Na nikakaa pale nikacheka."

Kisha akaweka mikono sakafuni na kuinama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akakaa hivyo. Binti humwinamia baba yake vile siku anapoolewa. Momose hakujua aweke wapi mikono.

"Inuka, mama," alisema, akimgusa bega. "Inuka, utajichora nyasi za mkeka usoni. Samaki wako nimemwona. Nimetafuta mstari, nimeukosa. Na mimi ndiye niliyeutafuta."

Alasiri walikwenda hamamu. Ezaki alikuwa amekwisha kuingia. "Aaah" yake ilisikika mpaka barabarani. Bi Tokuyo aliwaona kutoka kitini.

"Fundi Harufu huyo! Leo kuna nini, kari au nyasi?"

Wanaume waliokuwa wanavua nguo wakacheka. Mitsuho, akiwa mlango wa wanawake, taulo mkononi, alisimama. Damu ilimpanda usoni. Mashine imekwisha kuonyeshwa, siri imebaki ya nini?

"Bi Tokuyo," alisema, "kusema kweli baba yangu hakuwa..."

"Mitsuho."

Alisema jina tu. Lakini mwanawe aligeuka akayaona macho yake, akaelewa. Watu wakijua kwamba alijua, wataulizana alijuaje. Hilo swali litashuka mpaka karakanani, mpaka kwenye vipande viwili vya mkeka na ukucha mmoja, na Mitsuho alikuwa na miaka mingi ya kazi mbele yake. Haikuwa siri ya majira ya baridi tu. Siri ya mtungi aijuaye kata, nayo kata haisemi.

Momose alipandisha mabega yake. "Ndiye mimi, bi mkubwa," alisema. "Fundi Harufu. Na mashine ijayo mtanusa, mtanikumbuka." Akaingia huku wakimcheka, akaoga, akashuka hodhini baada ya Ezaki.

Nyuma ya ukuta mwanamke mmoja mgeni alikuwa anauliza, bado anacheka, "Samahani, dada, yule wa harufu, ni baba yako yule?"

Kulikuwa na kimya kidogo. Momose alikisikia.

"Ndiye," Mitsuho alisema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, ivuke ukuta, isikike na wote. "Ndiye baba yangu yule."

Momose alichota maji kwa viganja viwili, akajipiga nayo usoni, akarudia tena.